Kabla Hujalisoma Jina la Katana

Malindi, Jumatano alasiri

Sidi, mayo,

Mama yako yuko sokoni anakutafutia vya kula njiani, na wewe saa hii umeshafika Tezo kumuaga shangazi yako. Nyumba ni yangu peke yangu, hakuna wa kunikatiza. Ukirudi jioni utaikuta barua hii juu ya begi lako. Usinicheke. Najua utasema, lo, huyu mzee tunalala ukuta kwa ukuta na bado ananiandikia barua kama niko ng'ambo! Lakini tangu Jumatatu mimi na wewe hatujasemezana ila "chai iko wapi" na "funga mlango", na kesho usiku unapanda basi la Nairobi. Mdomo wangu unaujua. Mbele ya kamera ni asali, lakini mezani na wanangu nageuka jogoo. Nimeona heri kalamu.

Habari za blanketi, za kutopokea chakula cha abiria usiyemjua, na za kanisa lipi liko karibu na unakokwenda kukaa, hizo ni za mama yako, na ameshazirudia mpaka paka wa humu ndani amezikariri. Mimi nina neno moja tu. Litazunguka kidogo kabla ya kufika, nivumilie.

Mama yako ameniambia umempigia simu yule bwana wa Nairobi aliyekuajiri, ukamwomba asikuweke kusoma taarifa ya habari, akupe kazi ya kuandika huko nyuma usikoonekana. Umemwambia kiti cha msomaji hukiwezi. Naye amekujibu uje tu, ukifika utampa neno la mwisho. Nilipoyasikia hayo nilikuwa nimesimama jikoni na kikombe mkononi, nikakaa. Miaka yote hii tangu uwe mtoto unasomea habari sufuria za mama yako, halafu leo hukiwezi kiti! Na aliyekutia maneno hayo kichwani namjua. Ni mimi, garini, Jumatatu usiku, tukitoka kazini.

Sasa ngoja nikwambie juu ya hicho kiti, maana nimekikalia tangu hujazaliwa na watu wanadhani nakijua.

Wewe umekikuta kituo kina taa nzuri na kioo cha kusomea, maneno yanapanda yenyewe. Sisi tulianzia vyumba viwili juu ya duka la misumari na saruji. Kuta tulizibandika trei za mayai ili sauti isirudi. Feni ilikuwa moja, nayo ilizimwa taarifa ikianza kwa sababu ilikuwa inalia kama mbuzi, kwa hiyo habari za Malindi nzima zilisomwa na watu wanaotiririka jasho. Koti la suti lilikuwa moja pia, la wasomaji watatu. Mmoja wetu alikuwa mnene, na zamu yake ikipita koti linanivaa mimi kama gunia. Mama yako alikuwa akilibana kwa pini mgongoni. Mbele mheshimiwa, nyuma kuku aliyenyonyolewa.

Kabla ya hapo nilikuwa nazunguka Magarini nyuma ya pikapu ya serikali na kipaza sauti, natangaza chanjo ya ng'ombe. Mwenye kituo alinisikia akiwa amesimamishwa na pancha barabarani. Akasema sauti hii inapotelea kwa ng'ombe bure. Ndivyo nilivyoajiriwa, mayo. Sikwenda chuo chochote kama wewe.

Kioo cha kusomea hakikuwapo, tuliandika habari kwa kalamu nene kwenye makaratasi ya manila, mwenzangu akayashika kando ya kamera. Yeye alikuwa na mazoea ya kuniandikia mawaidha pembeni, kwamba nipunguze mbio, nitazame juu. Wiki ya kwanza tu, kulikuwa na ajali mbaya kule Kikambala. Nikasoma kwa sauti yangu ile nzito ya chanjo, "Watu wengine kadhaa wamelazwa hospitalini wakiwa katika hali mahututi, tabasamu." Haki ya Mungu, nilisoma hivyo hivyo. Mwaka mzima nikipita sokoni naitwa Tabasamu. Muuza nazi mmoja aliyelala kitandani siku ile na mguu uliovunjika katika ajali hiyo hiyo hakucheka. Aliniambia taratibu tu, "Bwana, wewe ulikuwa unasoma. Sisi tulikuwa ndani ya hiyo gari."

Ningelishika neno la yule muuza nazi, leo nisingekuwa na haja ya kukuandikia. Lakini nilichoshika mimi ni kwamba makaratasi yaandikwe vizuri zaidi. Nikawa hodari. Nikawa sikosei. Nikaanza kuvimba kichwa, mama yako shahidi. Kwenye harusi nikiwekwa safu ya pili nanuna. Nikipita mahali nisisalimiwe, nakohoa kwa ile sauti ya taarifa ili wageuke. Unacheka, lakini ulikuwa umenishika mkono siku nyingine, hukujua tu kwa nini baba yako anakohoa hivyo.

Kuna siku moja lakini nilipata kuona kitu, na nilikiona vibaya. Nilikwenda ndani kabisa huko Magarini kwenye mahari ya binamu yangu. Unajua taarifa yetu ya saa moja usiku hurudiwa kesho yake mchana. Basi mchana huo naona watu wanaanza kuja kwenye nyumba moja yenye tivi ya sola, kila mtu na kigoda chake. Tivi imefunikwa kitambaa kilichodariziwa maua. Mama mwenye nyumba akakitoa kitambaa, akakikunja, akawaambia watoto, "Nyamazeni, mgeni ameingia." Nami nimesimama nyuma mlangoni, hakuna aliyenitazama. Nikajiona natokea kwenye kioo. Unajua ninavyoanza, "Wazee wetu, shikamooni. Na nyote mlio nasi, hamjambo." Mayo, nyumba nzima iliitika! Wazee "marahaba," watoto "hatujambo," na bibi mmoja hana jino hata la dawa akaongeza, "Za huko Malindi, mwanangu?" akangoja, kama vile nitamjibu.

Nilitoka nje nikasimama kwenye mihogo machozi yangu yasionekane. Siku zote nilidhani nasema na chuma na taa, kumbe jioni nzima naingia majumbani mwa watu na wananipokea. Lakini unajua nilirudi Malindi na fikra gani? Kwamba mimi ni mkubwa. Kwamba wananiitikia mimi. Sikuona kuwa wale wanamwitikia yeyote anayeingia kwao na salamu, kwa sababu ndivyo walivyolelewa, na kwamba mgeni aliyepokewa hivyo ana adabu zake za kutimiza humo ndani. Nimepita miaka na miaka juu ya jambo hilo bila kulikanyaga.

Sasa Jumatatu.

Nilikupa kiti changu kwa furaha, naomba uamini hilo. Nilimwambia mhariri, huyu anakwenda Nairobi kusoma mbele ya nchi nzima, haiwezekani aondoke hajasoma kwao. Nilikaa chumba cha mitambo nyuma ya dirisha, shati nimelipiga pasi mwenyewe. Ulipotoa salamu nilimkanyaga mhariri mguu kwa furaha. Nikasema moyoni, tazama sauti hiyo, imetoka kwangu!

Kisha ikaja habari ya timbo la mawe ya kujengea. Ukuta wa mawe umeporomoka alasiri, mchongaji mmoja amekufa. Jina lilitufikia kwa simu wewe umeshakaa kitini, likaandikwa kwenye kioo harakaharaka, na sisi huko nyuma tukafurahi, Mungu atusamehe, kwa sababu vituo vingine havikuwa nalo. Ukasoma vizuri. "Marehemu ametambuliwa kuwa ni..." Ukanyamaza.

Nilidhani kioo kimekwama. Nikatazama, jina lipo pale, jeupe, kubwa. Mhariri akakupigia kelele kwenye kile kidude cha sikioni, "Soma! Soma!" Nami nikamnyang'anya kipaza sauti nikapiga kelele zangu. Wewe unatazama mbele, macho hayapepesi, uso wako umekuwa uso wa mama yangu mzazi uliyepewa jina lake, ndiyo maana nakuita mayo, mama. Sijui ilikuwa muda gani. Kwangu ilikuwa Kwaresima. Ndipo ukasema, kwa utulivu kabisa, "Jina ninalo. Nyumbani kwao bado hawajaambiwa. Tuendelee na habari nyingine."

Garini nikakulipukia. Nikakwambia umeniaibisha. Nikakwambia kiti kile hakinyamazi, na kwamba msomaji anayechagua cha kusoma arudi akauze mahamri. Wewe ukaniambia, "Baba, Katana ni mtoto wa yule mama wa Magarini niliyemhoji juu ya ukame. Huko simu haishiki mpaka upande kilimani. Saa hiyo wamekaa mbele ya tivi wanakula, yeye na wajukuu. Ningemwambiaje, ana tonge mkononi?" Na mimi, mtu mzima, nikakujibu kazi yako si kumwambia mtu kitu, kazi yako ni kusoma. Ukageuza uso dirishani. Tangu hapo ni "chai iko wapi" tu.

Na mimi ni Mgiriama, Sidi! Nimezaliwa mahali ambapo msiba hauingii kwa mtu kama upepo. Hutumwa watu wazima. Wanapiga hodi, wanakaribishwa, wanaomba maji. Wakiulizwa za watokako wanasema njema, hata kama tumbo linawakata. Kwanza watazame aliyeko ni nani, mwenye moyo dhaifu yuko wapi, jamaa waitwe, watoto waondolewe, mwenye kupigwa na neno awe ameketi na mtu wa kumshika. Ndipo neno litolewe. Bibi yako aliambiwa hivyo kifo cha babu yako, na mimi nilikuwapo. Yote hayo nayajua. Nikikaa kwenye kile kiti nayasahau, nasoma majina ya watoto wa watu na kugeuza ukurasa. Wewe uliyezaliwa mjini, hospitali, ukasoma na vitabu vya Kizungu, ndiye uliyekumbuka. Nani alikufundisha? Mimi sikukufundisha. Nimelifikiria jambo hilo siku mbili nzima na bado nashangaa.

Leo asubuhi uliposikia naondoka, ulidhani nakwenda ofisini. Nilikwenda kwao Katana, kutoa pole. Kusema kweli sikwenda kwa wema mtupu. Nilitaka nikaone kama kunyamaza kwako kulikuwa na faida yoyote, na kama hakuna, nirudi nikuoneshe kuwa nilisema kweli. Ndivyo baba yako alivyo, hata matangani anakwenda na ubishi.

Waliniweka mkekani na wanaume. Wakanitambua, ila safari hii sikukohoa. Mjomba wa Katana akanisimulia. Wenzake Katana wa timboni ndio waliomfikia yeye mjomba kwanza, akachukua pikipiki na mzee mwenzake wakaja mbio, na walipoingia uani taarifa yetu ilikuwa haijakwisha. Wewe ulikuwa bado unaonekana kwenye kioo, unasoma habari ya barabara ya Tezo. Wakapiga hodi. Wakaomba maji, kama inavyotakiwa.

Kisha Mama Katana mwenyewe akaniita. Amekaa ndani na wanawake, sauti imekauka kwa kulia. Akaniuliza, "Yule msichana ni wako?" Nikasema ni wangu. Nilikuwa tayari kuomba radhi, wallahi, sijui hata kwa lipi. Akanishika mkono.

Akasema hivi, nami nakuandikia kama alivyosema. "Binti yako aliponyamaza, mkono wangu ulikuwa kwenye sahani. Alikuwa amesema timbo, akanyamaza, akawa ananitazama. Nikajua. Jina sikulijua, lakini moyo ulijua. Nikawaambia wajukuu wachukue sahani zao waende wakale kwa jirani. Nikanawa. Nikafunga leso yangu vizuri. Nikaketi chini. Kaka yangu alipoingia, alinikuta nimeketi." Kisha akasema tena, "Alinipa nafasi ya kuketi, bwana. Watoto hawakuniona naanguka."

Sidi, mimi nimehojiana na mawaziri. Nimesoma matokeo ya uchaguzi watu wamejaa mabarabarani. Nimepewa vyeti, vile anavyopangusa mama yako kila Jumamosi. Sijawahi kusikia neno juu ya kazi hii lenye uzito kama lile. Nilidhani ulikuwa umeacha kazi yako pale kitini. Kumbe uliifanya, na ulimfikia mtu mmoja katika nyumba moja huko ndani Magarini, kupita taa na nyaya na makelele yangu sikioni mwako, ukamwambia aketi. Na hukusema neno. Nilirudi njia nzima nimezima redio ya gari. Nakuogopa, mwanangu, kwa ule uoga mzuri, wa mtu aliyefungua dirisha la nyumba yake mwenyewe akakuta kuna mlima ambao hakuwahi kuuona.

Nilikukosea. Nililosema garini lilikuwa upuuzi, na hilo la mahamri lilikuwa upuuzi zaidi. Siwezi kukuahidi kuwa Nairobi watakuelewa. Kuna siku watakupigia kelele sikioni kuliko nilivyokupigia, na siku nyingine itakubidi usome tu, jina na kila kitu, kwa sababu wenyewe wameshaambiwa na wanataka dunia ijue. Utajuaje tofauti, mimi sijui, sina la kukufundisha hapo. Lakini usimwambie yule bwana kuwa kiti hukiwezi. Mimi ndiye niliyekuwa sikiwezi.

Nimebakiza jambo moja, nalo si langu.

Nilipokuwa naaga, Mama Katana alinirudisha. Mazishi ni Jumamosi, na wanataka litolewe tangazo kesho katika taarifa ya saa moja, jamaa wa mbali wapate kusikia. Nikamwambia nitalisoma mwenyewe, nililiona hilo kuwa ndiyo heshima. Akatikisa kichwa. "Asome yeye. Mwambie sasa nimeshaambiwa, naweza kulisikia. Na mwambie asiseme ametambuliwa. Namtambua mwenyewe tangu tumboni. Aseme tu Katana, mwanangu."

Basi lako ni saa tatu usiku, kwa hiyo muda upo. Mhariri nimeshazungumza naye. Alianza kubisha, nikamrudishia maneno ya Mama Katana, akavua miwani yake na hakubisha tena. Kiti kitakungoja. Ukiona huwezi, mwenzako atasoma, na hakuna atakayekulaumu, mimi hata kidogo.

Lakini sitakuwapo chumba cha mitambo, wala sitakuwapo stendi kukuingizia mabegi. Mama yako atakusindikiza. Mimi saa hiyo nitakuwa Magarini, mkekani kwao, kwa sababu jina hilo likiingia nyumbani mle nataka nami niwe nimeketi nalo. Mama Katana amesema atakaa mbele kabisa, karibu na tivi, na wajukuu safari hii watabaki ndani. Usiharakishe, mayo. Hakuna atakayekupigia kelele. Tutakuwa tumeshaketi sote.

Baba yako